Mapazia kutoka kwa mashuka ya zamani: vile unaeza valisha madirisha yote ya nyumba bila kununua kitambaa kipya

Nilipohama Nakuru kuja Kisumu nilikuja na godoro, meko ya gesi, na gunia moja la mashuka ambalo mama alinisukumia kwa gari dakika ya mwisho akisema utaona kazi yake huko mbele. Nyumba yenyewe ilikuwa sebule na chumba kimoja cha kulala, madirisha ya chuma yenye grili, na lile la sebule linaangalia upande wa ziwa, yaani magharibi, kwa hivyo kuanzia saa tisa jua la Kisumu linaingia bila hodi mpaka lizame. Usiku wa kwanza nilifunga leso kwa grili na kamba ya viatu. Kesho yake nikaenda mjini kuulizia mapazia, nikatajiwa bei ya madirisha mawili, nikasema asante nitarudi, na wewe unajua maana ya hio "nitarudi".

Ndio nikafungua lile gunia. Na kitu niliona hapo ndio naambia kila mtu sahii: shuka ni pazia ambalo tayari limeshonwa. Chukua shuka lolote la kutandika uliangalie vizuri. Kingo mbili za urefu zimemalizwa kiwandani, hazitoki nyuzi. Chini kuna pindo jembamba. Juu, pale mahali mtu hukunjia kifuani akilala, kuna pindo pana la sentimita tano, wakati mwingine mpaka kumi, na hilo pindo pana ni mfuko wa kupitisha rodi, hakuna kingine unaeza kuliita. Kwa hivyo kazi kubwa umefanyiwa na mtu usiyemjua. Wewe kazi yako ni kuchagua utakata wapi ili usipoteze pindo hata moja bila sababu. Watu wengi huharibu hapo, wanachukua shuka wanalikata kama kitambaa cha duka halafu wanaanza kushona pande zote nne upya, mpaka fundi akiwatajia pesa yake wanaona heri wangenunua tu.

Kupata na kuchagua

Anza na kabati lako na la mama yako, kisha ndio uende soko. Kibuye, soko la hapa Kisumu, siku ya Jumapili ndio mimi hupenda, mashuka ya mitumba yanakuwa yamerundikwa chini na ukienda mapema unachagua kabla hayajakanyagwa, lakini hata Luanda ya Vihiga ama Chwele ya Bungoma siku ya soko utapata tu. Mawili ya kwanza niliyoongeza nilinunua shilingi mia na hamsini kila moja, siku hio, na mama aliyekuwa anauza akanitupia foronya juu ya hio bei.

Soma lebo kama bado iko, saizi ndio itakuokolea kazi. Mitumba kutoka Uingereza, shuka la kitanda kidogo huwa kama sentimita 180 kwa 260 na la kitanda cha watu wawili kama 230 kwa 260. Ya Marekani huandikwa kwa inchi, lile dogo 66 kwa 96, yaani kama 168 kwa 244. Ile hesabu yetu ya 4 kwa 6 na 5 kwa 6 ni saizi ya godoro kwa futi, si ya shuka, usichanganye.

Halafu fanya kitu kimoja ambacho wauzaji hawapendi: liinue shuka lielekee jua. Shuka lililotumika huisha katikati, pale watu wanalala, na huwezi kuona likiwa chini, lakini likipigwa na mwanga nyuma yake hilo eneo linawaka kama tochi. Hilo halimaanishi uliache. Kingo zake bado ziko imara, na nitakuonyesha vile hio sehemu nyembamba tunaificha. Lakini kama unaeza kupitisha kidole ukisukuma kidogo, hilo ni la kudeki.

Kujua ni pamba ama poliesta, vuta nyuzi chache ukingoni uzichome na kiberiti ukiwa nyumbani, juu ya sinki. Pamba inawaka na kunuka kama karatasi imeungua, inabaki jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kubaki kashanga kagumu. Mchanganyiko unafanya yote mawili. Kwa dirisha la jua kali mimi sikatai poliesta hata kidogo, inavumilia jua kuliko pamba, ambayo inapauka na baada ya muda inaanza kuchanika ukiivuta tu. Lakini karibu na meko ama stovu ya mafuta usiweke poliesta, na kusema ukweli usiweke pazia refu la aina yoyote.

Fua kwanza, tafadhali

Hapa niliumia. Shuka la kwanza lilikuwa zuri, karibu jipya, nikapima, nikakata, nikashona, nikatundika, likapendeza. Baada ya mwezi nikalifua kwa maji moto na likapanda juu kama suruali ya mtoto aliyerefuka shule zikiwa zimefungwa. Pamba ambayo haijafuliwa sana hurudi ndani ikikutana na maji moto, na kwa kitu kirefu kama pazia hata sehemu tatu kwa mia ni sentimita saba hivi. Kwa hivyo loweka kwa maji moto na sabuni, fua, anika, piga pasi, ndio utoe tepu ya kupimia.

Kama shuka lina rangi kali, chukua kitambaa cheupe chenye maji, weka juu yake, piga pasi. Rangi ikihamia, hilo utalifua peke yake maisha yake yote. Ile ya kuloweka na chumvi ama siki eti rangi ishike, kwa pamba iliyopakwa rangi kiwandani haisaidii, utapoteza tu siki ya kachumbari. Jeupe lenye madoa ya manjano yasiyotoka lichemshe kwa sufuria kubwa na majani chai mengi, ya rangi bila maziwa jameni, ukiligeuzageuza, litatoka rangi ya mchanga na madoa yatapotea machoni. Inaendelea kupauka ukifua lakini polepole, na haishiki kwa poliesta.

Kupima

Usipime dirisha peke yake, pima mahali rodi itakaa. Rodi ikae kama sentimita 15 juu ya fremu na ipite dirisha sentimita 15 kila upande, hapo ukifungua pazia linaenda kukaa ukutani badala ya kufunika glasi, na nyumba inapata hewa. Kisha upana wa kitambaa chote ukiunganisha uwe mara moja na nusu ya urefu wa rodi, ama mara mbili ukitaka marinda mazuri. Chini ya mara moja na nusu litaonekana ni shuka limeanikwa. Hio ndio tofauti, si kitambaa, ni marinda.

Dirisha langu la sebule ni futi 5 kwa 4, ambayo wengi wenu mko nayo, kwa hivyo upana ni sentimita 152. Nikiongeza 15 mara mbili nafika 182, nikakata rodi ya 180. Mara mbili yake ni 360. Mashuka mawili ya kitanda kidogo, 180 kila moja, ni 360 kamili, na sijakata upande wowote. Urefu: kutoka juu ya rodi mpaka sakafuni nilipata 215, nikataka pazia liishie 214 ili lisilowe nikideki. Shuka baada ya kufuliwa lilikuwa 255. Tofauti ni 41, nikatoa 20 za pindo la chini (10 ikikunjwa mara mbili), zikabaki 21 za kukata. Hicho kipande cha 21 usitupe, ndicho cha kutengeneza mikanda ya kufungia pazia pembeni na vitanzi vya dirisha linalofuata.

Chumba cha kulala dirisha ni 4 kwa 4, rodi 150. Hapo shuka moja kubwa la 230 linatosha ukiligawa mara mbili, ni mara moja na nusu. Umeona vile shuka moja limevalisha dirisha zima.

Kukata bila kupoteza pindo

Ukipunguza urefu, kata upande wa chini, ule wa pindo jembamba. Juu kwenye pindo pana usiguse. Na kata baadaye, nitafika hapo.

Ukigawa shuka kubwa mara mbili, likunje upana ukutane na upana, piga pasi kwenye kunjo, fungua, weka mkato mdogo wa makasi juu na urarue kwa mikono. Shuka la kawaida lisilovutika linararuka likifuata uzi wake, linanyooka kuliko makasi ya mtu yeyote ninayemjua. Ukifika kwenye pindo usivute kwa nguvu, hapo tumia makasi. Yale mashuka laini yanayovutika kama fulana usirarue, kata tu.

Sasa vipande viwili, kila kimoja kina ukingo mmoja wa kiwandani na mmoja mbichi. Vibadilishane: ukingo wa kiwandani ukutane katikati ya dirisha, ule mbichi uende ukutani. Ile sehemu nyembamba ya katikati ya shuka sasa imekuwa pembeni kabisa, mahali marinda hukaa yamerundikana, hakuna mtu ataiona hata jua likipiga. Kama imeisha sana, kunja pindo la upande pana kidogo, sentimita nne, ipate kushikiliwa na kitambaa mara mbili.

Upande mbichi kunja sentimita moja, piga pasi, kunja mbili tena, piga pasi, shona. Pasi ndio siri, pindo lililopigwa pasi vizuri hata ukishona kwa mkono linanyooka. Cherehani tumia sindano namba 14, mshono mrefu kiasi, na uzi wa poliesta hata kama kitambaa ni pamba, kwa sababu ya jua linalokula uzi wa pamba kwanza, unashtukia pindo limeachia na kitambaa bado kizima. Kama huna cherehani, mshono wa kurudi nyuma kwa mkono unafanya kazi, jioni mbili na redio. Ama peleka kwa fundi ukiwa umeshapiga pasi na kuweka pini kila kitu, umwambie unataka apitishe mashine tu, na umpatie bei ya kupitisha mashine tu.

Kichwa cha pazia

Njia rahisi ni kupitisha rodi ndani ya lile pindo pana. Kama ncha zake zimeshonwa, chana nyuzi chache na wembe. Ukitaka nakshi juu, shona mstari mmoja sentimita tatu kutoka juu, rodi ipite chini yake, utapata kafrili fulani kazuri. Shida ya hii njia ni kwamba pazia linasugua rodi, halitembei vizuri, kwa hivyo ni ya dirisha usilofungua kila siku.

La kila siku weka vitanzi ama ringi. Vitanzi ni vile vipande vya 21 vilivyobaki kwa dirisha lililotangulia: mikanda ya sentimita 10 kwa 21, kunja urefu mara mbili, shona, geuza nje, kunja kama kitanzi na ukishike nyuma ya kichwa cha pazia. Kumbuka kitanzi kinashusha pazia chini, kwa hivyo kipime kwanza. Mimi wa kwanza nilisahau, likafagia sakafu.

Ringi za plastiki zile za vipande viwili vinavyobana kitambaa katikati, zinauzwa kwa maduka ya vitambaa, huhitaji mashine. Lakini shuka ni jepesi, ringi italichana, kwa hivyo weka kitu kigumu ndani ya lile pindo pana, kipande cha mguu wa jinzi kuukuu kinatosha sana. Na idadi iwe shufwa, hii usinibishie, 8, 10, 12. Ikiwa witiri ncha moja ya pazia itaangalia ukutani na nyingine itakuangalia wewe. Kwa upana wa 180 niliweka 12, ya kwanza sentimita 7 kutoka ukingoni, zinazofuata kila 15.

Vitu vingine vya nyumba

Mfuko wa duveti ndio zawadi. Una pande mbili tayari, kwa hivyo ni pazia lenye bitana bila wewe kufanya chochote. Fungua mshono wa juu, kunja ndani, tengeneza mfuko wa rodi, mdomo wenye vifungo uelekee chini. Wa 200 kwa 200 kwa dirisha dogo ni sawa kabisa, na hata mwanga wa stima ya nje hauingii.

Shuka lenye lastiki kwa kona halifai dirisha refu, maana ukitoa lastiki na zile kona unabaki na kipande cha saizi ya godoro tu. Lipeleke jikoni.

Leso ni nzuri lakini ni nyepesi, ukiwasha taa usiku jirani anaona kila kitu, kwa hivyo shonea shuka jeupe nyuma yake. Shona upande wa juu tu na pembeni kidogo, chini ziachane, kwa sababu vitambaa viwili havirudi ndani sawa ukifua. Na soma jina kabla ya kutundika! Leso yenye kijembe ikae dirishani inaangalia mlango wa jirani, hio vita ni yako. Maneno yasimame wima pia, kuna mtu nimeona ameyapindua kichwa chini na wageni wanakaa na shingo upande.

Halafu kuna vile vitambaa vya kufuma, vile mama zetu huku magharibi wanafunikia makochi mpaka mkono wa kiti. Vikichoka kwa kochi, unganisha vitatu vinne kwa sindano, vinakuwa pazia fupi la nusu dirisha jikoni, mwanga unaingia na mtu wa nje haoni sufuria.

Neti ya mbu: ile unalalia usiiguse, malaria huku si hadithi. Ile iliyochanika na umepata nyingine inaeza kukaa nyuma ya pazia kama shia, yaani lile pazia jembamba la kupitisha mwanga, inapunguza wadudu wa ziwa wakija na upepo, lakini usiende kuifulia ziwani ama mtoni, dawa yake inaua samaki. Fulia kwa beseni na maji uyamwage shimoni.

Ukiwa Nakuru kumbuka hali ni nyingine. Huko ni kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130, na Julai huko Nakuru baridi inatoka kwa glasi yenyewe. Dada yangu nilimshonea shuka mbele na lile blanketi jepesi la zamani nyuma. Blanketi lisiwe na marinda, liwe la upana wa rodi tu na kidogo juu, la sivyo uzito utang'oa misumari. Na huko vumbi, kwa hivyo blanketi nililiweka kwa vishikizo, linatoka kufuliwa peke yake.

Rodi

Kama landilodi hataki ukuta utobolewe, waya wa springi ule wa plastiki juu unafungwa kwa grili pande zote mbili, unabeba shuka moja jepesi, si zaidi. Paipu ya kondukti, ile ya plastiki ya kupitishia waya za stima, kutoka hadiwea ni nafuu lakini inapinda katikati ikizidi kama mita moja na robo, weka kishikilio cha tatu. Paipu ya chuma nyembamba haipindi, isugue na msasa uipake rangi isije ikaacha kutu kwa kitambaa. Kwa ukuta wa mawe tumia misumari ya simiti ama uite mtu wa drili mara moja atoboe zote.

Pindo la chini mwisho

Nilisema kata baadaye. Tundika pazia likiwa refu, chini umeweka pini tu, uliache siku mbili tatu. Kitambaa kinashuka kwa uzito wake, na sakafu za nyumba za kupanga haziko sawa, upande mmoja unaeza kuwa chini kwa sentimita mbili. Baada ya hapo ndio upime kutoka sakafuni kwenda juu, kila hatua moja, uweke alama na chaki, ukate, ukunje 10, ukunje 10 tena, upige pasi. Kabla hujashona kona, ingiza wosha moja ya chuma ndani, ile ringi bapa ya kuwekwa chini ya nati, ikiwa imefungwa kwa kipande cha nailoni isipate kutu, maana alasiri upepo wa ziwa ukianza hapa Kisumu pazia jepesi linaingia mpaka kwa sahani ya mtu. Pindo zito na wosha kila kona linatulia. Shona pindo, mikanda ya pembeni ifunge kwa msumari kwenye usawa wa theluthi moja kutoka chini ya dirisha, na lile shuka la tatu lililobaki kwa gunia anza kulipima na dirisha la choo.